Farasi Alipoondoka Barabarani

Mtu aionapo motokaa mpya hufikiri juu ya mtambo wake: nguvu zake, mwendo wake, na bei yake. Ni wachache wanaomfikiri mnyama aliyeondolewa barabarani na motokaa, na wachache zaidi wanaowafikiri watu walioishi kwa kazi ya mnyama yule. Mimi nami sikuwa na sababu ya kuyafikiri hayo mpaka kazi yangu iliponipeleka huko. Leo napenda kuwaeleza wasomaji machache niliyojifunza, maana naona ya kwamba habari hii ya kale yatuhusu sisi wakulima na makarani zaidi ya inavyowahusu wenye motokaa.

SWALI LA MZEE

Kwa miaka mingi nimekuwa karani wa chama cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, katika nyanda za juu zenye baridi na matope. Maziwa yetu yalikuwa yakichukuliwa kwa magari ya punda. Kila alfajiri, kabla ya jua kuchomoza, ungesikia madebe yakigongana na magurudumu yakilia njiani, nawe ungejua ya kuwa siku imeanza. Wenye magari hayo walikuwa watu kumi na wanne. Mimi ndiye niliyeandika malipo yao kila mwisho wa mwezi, hata nikawa najua ni nani mwenye mtoto shuleni, na ni nani anayedaiwa dukani.

Ikawa halmashauri ya chama ikaona heri kununua lori. Niliagizwa kuandika hesabu mbili, moja ya gharama za punda na moja ya gharama za lori. Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Lori lingefika kiwandani mapema, maziwa yasingechacha njiani, na kila mfugaji angepata senti kadhaa zaidi kwa kila lita. Hapakuwa na mtu mwenye akili ambaye angeweza kulikataa jambo hilo.

Kabla ya siku ya mkutano, mzee mmoja katika wale wenye punda alikuja ofisini. Alivua kofia, akaketi, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Karani, mwanangu, katika hesabu yako sisi umetuandika mstari gani?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, hesabu niliyoagizwa ni ya kuchukua maziwa tu."

Akasema, "Haya, hiyo umeiandika. Sasa andika na ile ambayo hukuagizwa." Akavaa kofia yake akaenda zake.

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Nikaanza kutafuta vitabu vinavyoeleza jinsi watu wa nchi nyingine walivyoagana na wanyama wao wa kazi, nipate kujua ni nani aliyevuka salama, na ni nani aliyeachwa ng'ambo.

MIJI ILIYOISHI KWA FARASI

Mnamo mwaka 1900 mji wa London ulikuwa mkubwa kuliko miji yote ya dunia, na karibu kila kitu kilichotembea katika barabara zake kilivutwa na farasi. Magari ya kukodi peke yake yalikuwa yapata 11,000, na mabasi ya farasi yalihesabiwa kwa maelfu. Basi moja lilivutwa na farasi wawili; lakini hao hawakuweza kufanya kazi kutwa, bali walibadilishwa baada ya muda wa saa chache. Kwa hiyo basi moja lilihitaji farasi kumi au zaidi kila siku.

Msomaji ahesabu sasa watu waliokuwa nyuma ya farasi hao. Walikuwako madereva na masaisi wa kuwaosha na kuwalisha. Walikuwako wahunzi wa kuwafanyia viatu vya chuma, mafundi wa ngozi wa kushona hatamu na matandiko, maseremala wa magurudumu, na matabibu wa wanyama. Tena nyuma ya hao wote alikuwako mkulima, ambaye pengine hakuufika mji hata mara moja, lakini aliyelima nafaka ya oti na kukata majani makavu ili farasi wa mjini wale.

Hata hivyo tusidhani kwamba siku zile zilikuwa za raha. Farasi mmoja hutoa samadi ya ratili 15 hadi 30 kwa siku, na mji wa New York, Marekani, ulikuwa na farasi zaidi ya 100,000. Samadi ni baraka shambani, bali ikilundikana mbele ya nyumba za watu ni maradhi na nzi. Farasi wenyewe walitumikishwa kwa taabu kubwa, na wengi walianguka barabarani wakafa. Tena mji uliomtegemea mnyama mmoja ulikuwa katika hatari. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 1872 ugonjwa wa mafua ya farasi ulitokea karibu na Toronto, Kanada, ukaenea upesi katika miji ya Marekani. Mizigo ikabaki bandarini, magari ya abiria yakasimama. Mnamo Novemba 9 mwaka huo moto mkubwa uliwaka mjini Boston, na magari ya kuzimia moto ilibidi yavutwe na watu kwa kamba, kwa kuwa farasi walikuwa wagonjwa. Sehemu kubwa ya katikati ya mji iliteketea.

Kwa hiyo watu walikuwa na haki ya kutafuta chombo kingine, kama vile halmashauri yetu ilivyokuwa na haki ya kutafuta lori.

MOTOKAA YA KWANZA NA MAFUNDI WA ZAMANI

Mnamo Januari 29, 1886, fundi Mjerumani Karl Benz aliomba serikali yake hati ya haki ya uvumbuzi kwa gari lake la magurudumu matatu lililoendeshwa kwa mtambo. Watu walilitazama kwa mshangao, lakini wanunuzi walikuwa haba. Mnamo Agosti 1888 mkewe, Bertha Benz, alilichukua gari hilo pamoja na wanawe wawili, akatoka Mannheim kwenda Pforzheim kwa mamaye, safari ya maili sitini na zaidi. Hakuna mtu aliyekuwa amekwenda mbali namna hiyo kwa motokaa.

Safari hiyo yafaa kuangaliwa vizuri. Mafuta yalipomwishia aliyapata katika duka la dawa mjini Wiesloch, kwa sababu siku zile mafuta ya namna hiyo yaliuzwa na wauza dawa kwa kusafishia nguo. Mnyororo ulipoharibika alitengenezewa na mhunzi. Breki za mbao zilipokwisha alimwendea mshona viatu, akazipigilia ngozi. Bomba la mafuta lilipoziba alilizibua yeye mwenyewe kwa pini ya kofia yake. Basi waliomfikisha mama yule Pforzheim ni mhunzi na mshona viatu, watu wa kazi zile zile zilizokuwa zikimhudumia farasi.

Alama za farasi zimebaki katika motokaa hata leo. Tunapima mtambo kwa nguvu za farasi, kipimo kilichowekwa na James Watt katika karne ya 18 alipotaka kuwaonyesha wanunuzi mtambo wake wa mvuke ungefanya kazi ya farasi wangapi. Na ile dashibodi iliyo mbele ya dereva hapo zamani ilikuwa ubao au ngozi mbele ya gari la farasi, iliyozuia matope yaliyorushwa na kwato yasimpige mwendeshaji usoni.

Mwanzoni wenye sheria waliiogopa mitambo ya barabarani. Nchini Uingereza sheria ya mwaka 1865, iliyotungwa kwa ajili ya mitambo ya mvuke, iliamuru kwamba mtu atangulie kwa miguu hatua sitini mbele akishika bendera nyekundu, na kwamba mwendo usizidi maili 4 kwa saa nje ya miji na maili 2 ndani ya miji. Masharti ya namna hiyo yaliondolewa Novemba 1896. Tena hofu haikuwa ya bure: mnamo Agosti mwaka ule ule mwanamke mmoja aitwaye Bridget Driscoll aligongwa na motokaa huko Crystal Palace, London, akafa, ijapokuwa gari lile halikuwa na mwendo mkali.

MABADILIKO YALIYOKAWIA, KISHA YAKAJA KWA GHAFULA

Hapa ndipo nilipopata somo langu la kwanza. Tangu Benz alipoomba hati yake, miaka ishirini ilipita ambamo saisi wa London angeweza kucheka na kusema, "Chombo hiki ni mchezo wa matajiri." Asingekosea sana. Motokaa zilikuwa ghali, ziliharibika njiani, na barabara hazikuwa tayari. Lakini ghafula mambo yaligeuka. Mnamo mwaka 1910 motokaa za kukodi za London zilikuwa zimekwisha kuzidi magari ya kukodi ya farasi. Mwaka huo huo kampuni kubwa ya mabasi, London General Omnibus Company, ilitoa aina mpya ya basi la mtambo. Na mnamo Oktoba 25, 1911, basi la mwisho la farasi la kampuni hiyo lilifanya safari yake ya mwisho. Wenye mabasi wengine waliendelea kidogo, hata Agosti 1914, vita vilipoanza na farasi wakahitajiwa jeshini.

Huko Marekani Henry Ford alianza kuuza motokaa yake ya Model T mwaka 1908, kwa dola 850. Mwaka 1913 alianza kuitengeneza kwa njia mpya: gari lilisogezwa mbele ya wafanya kazi, na kila mmoja akafanya sehemu yake ndogo tu. Kazi ya kuunga fremu na mitambo yake iliyochukua zaidi ya saa kumi na mbili ikawa ya saa moja na nusu hivi. Katikati ya miaka ya 1920 bei ilikuwa imeshuka chini ya dola 300, na hadi mwaka 1927 motokaa hizo zilikuwa zimefika milioni 15. Wanunuzi wengi walikuwa wakulima. Wengine waliinua gurudumu la nyuma, wakalifunga mkanda, wakaitumia motokaa kupasulia kuni na kuvutia maji.

WALIOVUKA NA WALIOACHWA

Somo la pili ni habari ya waliovuka. Ndugu wa ukoo wa Studebaker walianza kazi ya uhunzi na magari ya kuvutwa huko South Bend, Indiana, mwaka 1852. Magari yao yalijulikana kote Marekani. Mwaka 1902 kampuni yao ilianza kuuza motokaa za umeme, na mwaka 1904 zile za petroli, huku ikiendelea kutengeneza magari ya farasi kwa miaka mingine mingi. Mtu mwingine, William Durant wa mji wa Flint, alikuwa tajiri wa magari ya farasi. Mwaka 1904 alichukua usimamizi wa kampuni ya Buick, na mwaka 1908 akaunda General Motors. Watu hawa walijua kwamba wateja wao walitaka kufika waendako na kufikisha mizigo yao, na farasi alikuwa njia tu. Hata hivyo aliyevuka mara moja hawezi kulala: Studebaker nayo iliacha kutengeneza motokaa mwaka 1966.

Madereva wa kukodi wa London walikuwa na mali nyingine. Tangu siku za farasi walilazimishwa kufanya mtihani wa kuzijua njia za mji, barabara hata vichochoro. Dereva aliyejifunza kushika usukani hakupoteza elimu hiyo, maana njia zilikuwa zile zile. Lakini wako waliobaki na farasi wao mpaka mwisho. Leseni ya mwisho ya gari la kukodi la farasi mjini humo ilirudishwa mwaka 1947.

Ni nani basi aliyelipa? Farasi mwenyewe alilipa. Nchini Marekani farasi na nyumbu walikuwa zaidi ya milioni 25 mnamo mwaka 1915. Kufikia mwaka 1960 walibaki milioni tatu hivi. Bali yuko mwingine aliyelipa, ambaye sikumtazamia hata kidogo, naye ni mkulima. Kabla ya farasi kupungua, yapata sehemu moja kwa tano ya mashamba ya mazao ya Marekani ilikuwa ikilima chakula cha farasi na nyumbu. Motokaa ilipotwaa barabara, na trekta baadaye ilipotwaa shamba, mnunuzi huyo mkubwa alitoweka. Ardhi ile ikageuzwa kulima mazao mengine, mazao yakazidi sokoni, na jambo hilo likawa moja katika mambo yaliyoshusha bei katika miaka ya 1920 na 1930. Mkulima aliyeifurahia Model T yake hakujua kwamba alikuwa akimfukuza mteja wake mwenyewe.

HABARI ZA KWETU

Katika nchi yetu mambo yalikwenda njia nyingine. Farasi walijulikana pwani tangu zamani, lakini bara mbung'o na maradhi ya farasi yaliwazuia. Mizigo ilichukuliwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, kila mtu ratili sitini au zaidi. Mwaka 1895 ilianza kutengenezwa barabara ya Sclater ya kupita magari ya ng'ombe kuelekea Uganda. Lakini reli iliifuata mara moja, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Mjini Mombasa, katika miaka ya kwanza ya karne ya 20, palikuwa na vigari vya abiria vilivyopita juu ya reli nyembamba vikisukumwa na watu. Kwa hiyo mzigo wetu ulitoka kichwani mwa mpagazi ukapanda garimoshi, kisha lori, na zama za farasi tukaziruka.

Labda ndiyo maana neno letu ni moja kwa vyote. Gari ni neno lililotujia kutoka lugha za Bara Hindi, na huko lilikuwa jina la kigari cha kuvutwa. Sisi tuliliweka juu ya gari la ng'ombe, gari la punda, garimoshi na motokaa, bila kuona haja ya jina jingine. Chombo kilibadilika, jina likabaki, kwa kuwa kazi ilibaki.

HESABU YA PILI

Niliandika hesabu ya pili, nikaipeleka mkutanoni pamoja na ile ya kwanza. Nilisema kwamba lori linunuliwe, lakini wenye punda wapewe habari mwaka mmoja mbele, wasije wakaipata siku ya kuachishwa. Nilisema pia kwamba wanazijua njia na milango ya wafugaji kuliko dereva yeyote tutakayemwajiri, na kwamba lori halitaweza kushuka mabondeni wakati wa masika. Baadhi ya wajumbe walinung'unika, wakisema chama si nyumba ya kulelea watu. Mwisho halmashauri ilikubali.

Leo watano kati ya wale kumi na wanne wanatoa maziwa mabondeni kwa punda mpaka barabara ya lori. Watatu walio vijana walijifunza udereva na ufundi. Wanne huchukua maji, majani na samadi kwa malipo ya watu binafsi, na mapato yao hupanda na kushuka. Wawili waliuza punda wao wakaacha kazi hiyo kabisa. Yule mzee ni mmoja wao. Nilipokutana naye sokoni nilimwambia kwamba nilimwandika. Akanijibu kwa upole, "Najua, mwanangu. Lakini ulituandika kwa kalamu ya risasi." Sikubishana naye, kwa kuwa mwaka mmoja ni mrefu kwa kijana na ni mfupi kwa mtu wa miaka sabini.

Basi, wasomaji wapenzi, simshauri mtu kushika bendera nyekundu mbele ya lori. Ninalowaomba wakulima ni hili: chombo kipya kitokeapo, msiulize tu kitawachukulia nini, ulizeni pia kinakula nini, na ni nani aliyekuwa akilisha kile kinachoondoka, maana huenda ni ninyi. Na ninyi makarani wenzangu, ambao kalamu za hesabu zimo mikononi mwenu, mwagizwapo kupima faida ya jambo jipya, wekeni mstari kwa ajili ya watu wa jambo la zamani, na uandikwe mapema, wakati wao wangali na nguvu za kujifunza kazi nyingine.